Vishikizo vya mikanda ya nguo za kazi: kubuni, kushona na kujaribu

Mama mmoja wa Hombolo alinijia kibandani, jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, katikati ya msimu wa zabibu. Tulipokwisha kusalimiana, mbukwa kwa mbukwa, akageuka akanipa mgongo. Aproni niliyomshonea mwezi uliotangulia ilikuwa bado mwilini. Kamba zake mbili za kiunoni zilikuwa zimegeuka fundo moja: limelowa maji ya zabibu, likashika vumbi, likakaushwa na jua hadi likawa gumu kama kokwa ya embe. "Mwanangu fundi," akasema, "nimepanda nayo gari hivi hivi. Vidole vimeshindwa, na nimeona uchungu kukata nguo mpya." Nikachukua mkasi nikaikata mimi.

Kitambaa cha aproni ile nilikichagua kwa makini. Mfuko niliukaza kwa mishono miwili. Kamba nilizikata kwenye mabaki ya kitambaa dakika za mwisho nikazipachika, na mafundi wengi tunafanya hivyo: nguo ya kazi tunaibuni yote, halafu kishikizo tunakitafuta kwenye kopo la vifungo. Ninachoeleza hapa ni kuigeuza hiyo kazi. Anza na kishikizo, na kishikizo chenyewe kianze na mkono utakaokifungua: mkono wenye utomvu, wenye glavu, wenye saruji, au wa mtu aliyeingiwa na cheche kifuani.

Hapa Dodoma kazi hii ipo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, ujenzi haujatulia, kuanzia Mji wa Serikali pale Mtumba hadi nyumba za watu Iyumbu na Nala. Ongeza wachomeleaji wa mageti, mashine za kukamua alizeti, mashamba ya zabibu. Wote hao wanavaa kitu chenye mikanda.

Hatua ya kwanza: mwone mvaaji akiwa kazini

Ukipewa oda ya ovaroli ishirini, omba ukasimame na wavaaji nusu saa kabla ya kukata kitambaa. Usiwahoji sana. Tazama wanavyoinama, wanavyofuta mikono, wanavyoenda chooni. Chooni hasa! Ovaroli yenye mikanda ya mabegani ambayo haifunguki haraka ni mateso kwa mvaaji, na kwa wanawake ni mateso maradufu.

Kuna mambo ambayo lazima urudi nayo. Mikono yake ikoje saa ya kufungua? Kuna kitu gani kinachozunguka, kinachoungua au chenye umeme karibu yake? Mkanda utafungwa na yeye mwenyewe au kuna wa kumsaidia? Na je, ikitokea hatari, anahitaji kutoka ndani ya nguo hiyo kwa sekunde ngapi?

Mchuma zabibu ana mkasi mkono mmoja na anajipenyeza kati ya mashina na nyaya, kwa hiyo ndoano yoyote inayochomoza itanasa. Mchomeleaji anarukiwa na chembe za chuma kilichoyeyuka, na chuma huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 1,500 za Selsiasi. Klipu ya plastiki haina pa kusimama hapo. Fundi umeme asivishwe bizimu la chuma kifuani. Fundi ujenzi ana mchanga na saruji, na mchanga ukiingia kwenye kishikizo chenye springi ndogo, kinakwama. Ukiyajua hayo, nusu ya vishikizo sokoni umekwisha kuviondoa bila hata kuvigusa.

Hatua ya pili: pima mara mbili, akiwa wima na akiwa ameinama

Weka futi kamba kwenye ukingo wa juu wa kifua cha ovaroli, ipitishe begani, ivuke mgongo kwa mshazari hadi kiunoni upande wa pili. Andika. Sasa mwambie achuchumae na anyooshe mikono mbele kana kwamba anapanga tofali, kisha pima tena palepale. Mgongo unarefuka. Kwa wateja wangu wengi tofauti inakuwa kati ya sentimita 5 na 9.

Tofauti hiyo ndiyo siri ya ovaroli kutulia mwilini. Ukishona mkanda kwa kipimo cha wima pekee, mtu akiinama unamkata bega na kung'oa mshono. Ukishona kwa kipimo cha kuinama pekee, akisimama mkanda unalegea na kishikizo kinachomoka. Dawa yake ni kipande cha lastiki pana, chenye urefu wa sentimita 12 hivi, kishonwe nyuma pale mikanda inapokaribia kiunoni. Kiweke nyuma na si mbele, maana mbele kitaungua, kitachafuka na kitakwaruzwa. Kwa mchomeleaji kifunike kwa kitambaa cha pamba.

Hatua ya tatu: chagua mkanda

Mkanda unaweza kuukata kwenye kitambaa kilekile cha nguo au kununua wa kiwandani unaouzwa kwa mita, kama ule wa mabegi.

Ukiukata mwenyewe, fuata urefu wa jora, sambamba na ukingo wake. Mkanda uliokatwa kwa mshazari utavutika kama lastiki na hautarudi. Kwa mkanda wa sentimita 4 uliokamilika, kata upana wa sentimita 16: kunja kingo zote mbili zikutane katikati, kisha kunja tena. Unapata tabaka nne na hakuna ukingo mbichi. Piga pasi kabla ya kushona, kisha shona mistari minne kwa urefu wote. Ni kazi ya kuchosha, lakini mkanda wa jinzi au khaki wa namna hii hautelezi, na bizimu linaung'ang'ania vizuri.

Upana usiupunguze kwa ajili ya kubana kitambaa. Mkanda wa milimita 40 unatandaza mzigo kwenye eneo lililo kubwa kwa asilimia 60 kuliko wa milimita 25. Mtu mwenye nyundo, misumari na futi mfukoni analijua hilo begani kwake ifikapo saa nane mchana.

Mikanda ya kiwandani ina sura moja ila tabia tofauti. Ile myepesi inayong'aa mara nyingi ni polipropilini. Jua la Dodoma linaichakaza: inakuwa ngumu, nyuzi zinaanza kukatikakatika zenyewe, ukiipangusa inatoa unga. Nailoni ni imara, ila inanyonya maji na kurefuka kidogo ikilowa. Poliesta haivutiki sana na inastahimili jua vizuri zaidi, na ndiyo ninayoichagua nikiweza. Muuzaji asipojua anauza ipi, kata kipande kidogo, kilowanishe kwenye maji ya sabuni, ukiminye mpaka mapovu ya hewa yatoke, kisha kiache kwenye glasi ya maji. Kikielea ni polipropilini. Nailoni na poliesta huzama.

Kwa mchomeleaji yote matatu hayafai. Mpe pamba nzito au ngozi.

Hatua ya nne: chagua kishikizo

Hapa ndipo nitakapokaa, maana ndipo panapokosewa.

*Bizimu la namba nane.* Ni lile la waya lenye tundu kubwa juu na dogo chini, linaloingia kwenye kifungo cha chuma kifuani mwa ovaroli. Watu walivaa hili tangu zamani na halijapata mrithi. Linafanya kazi kwa mvuto: mkanda ukivuta juu, shingo ya kifungo inakaa kwenye tundu jembamba, na kichwa chake hakipiti. Kulifungua unalegeza mkanda, unalisukuma chini, kichwa kinapita kwenye tundu kubwa. Halina springi, halina meno, mchanga haulizuii, na linafunguka hata kwa glavu. Udhaifu wake ni mmoja, na unatokana na uzuri wake: mkanda ukilegea, linaachia lenyewe. Ndiyo maana nimesisitiza lastiki ya nyuma. Bila lastiki, mtu anakaa chini kula, akisimama mkanda unaning'inia.

Ukinunua mabizimu haya, beba kifungo chako mkononi ukalijaribu palepale dukani. Kichwa kipite kwenye tundu kubwa kikiwa na nafasi ya milimita moja au mbili tu. Ukiona kinacheza sana, kitachomoka mtu akirukaruka.

*Ringi mbili za D.* Hizi ndizo nilizomwekea yule mama wa Hombolo badala ya zile kamba nilizozikata. Mkanda unapita ndani ya ringi zote mbili kwa pamoja, kisha unarudi juu ya ringi ya kwanza na chini ya ya pili. Ukiuvuta unajikaza, kwa sababu ringi ya juu inauminya mkanda dhidi ya mkanda wenyewe. Ukiinua ukingo wa ringi ya juu kwa kidole gumba, unaachia wote mara moja. Nilizishona ubavuni kushoto badala ya mgongoni, ili afungue kwa mkono mmoja huku mkasi ukiwa kwenye mkono wa kulia. Hazijali utomvu wala vumbi, na zinakubali mwili wowote bila kupima upya, hata aproni ikiazimwa kwa mtu mwingine.

Sharti lake ni moja: ringi ziwe zimechomelewa maungio. Nyingi za bei nafuu ni waya uliokunjwa tu, na ukizitazama kwa karibu utaona mwanya mwembamba kama unywele. Mzigo ukija mwanya huo unafunuka na mkanda unapita. Zikikosekana zilizochomelewa, hakikisha mwanya unaangukia upande ulionyooka wa D, ule unaofunikwa na kitambaa kilichoshonwa, usikae kwenye mviringo.

*Kirekebishi cha mikanda ya begi,* kile kipande chenye matundu mawili na mhimili katikati. Hiki hakifungi wala kufungua. Kazi yake ni kurefusha na kufupisha. Nilijifunza tabia yake kwa hasara. Nilishona ovaroli thelathini za mafundi wa jengo moja, mikanda ya polipropilini yenye kuteleza, milimita 30, nikaipitisha kwenye virekebishi vya milimita 38 kwa sababu ndivyo nilivyokuwa navyo. Baada ya wiki mbili zilirudi zote. Kila mtu alikuwa amefunga fundo juu ya kirekebishi ili mkanda usishuke, na mafundo yale yalikuwa yamewachubua mabega. Nilifumua mikanda sitini.

Sababu yake ni hii. Kirekebishi kinashika kwa msuguano peke yake. Mkanda mwembamba kuliko tundu unakaa upandeupande, unaminywa ukingo mmoja, na msuguano unapungua. Tundu lipite upana wa mkanda kwa milimita moja au mbili, basi. Na usiupitishe mkanda mara moja tu. Mwisho wa mkanda ushone kuzunguka mhimili wa katikati, kisha sehemu ndefu iende ikapite kwenye bizimu la namba nane au ringi, irudi, ipite tena ndani ya kirekebishi kilekile juu ya ule mwisho ulioshonwa. Sasa mkanda unasuguana na mkanda, na kadiri mzigo unavyovuta ndivyo unavyozidi kujibana. Chukua begi lolote la shule uligeuze, utaona mpangilio huo.

*Velkro,* ule utepe wa kubandika na kubandua, wenye vikulabu vidogo upande mmoja. Mswisi George de Mestral alipata wazo lake mwaka 1941, alipotoka matembezini na kukuta mbegu zenye vikulabu zimeng'ang'ania nguo zake na manyoya ya mbwa wake, kama mbegu za kishona nguo zinavyotung'ang'ania sisi tukipita kwenye majani mwezi wa tano. Kwenye vumbi letu vikulabu vinajaa uchafu na nguvu inapungua, na kwenye moto inayeyuka. Lakini ina sifa moja ambayo haipatikani kwingine: ukiivuta sambamba na uso wake inashika sana, ukiibandua kutoka ukingoni inaachia kirahisi. Kwa mtu aliye karibu na mashine inayozunguka hiyo ni sifa ya kuokoa maisha. Nitairudia.

*Klipu ya plastiki ya kubana pembeni* inafaa fulana za reflekta na mifuko ya kiunoni. Ni nyepesi, haipitishi umeme, na fundi umeme anaweza kuvaa. Ila jino moja likivunjika, kishikizo kizima kimekufa, kwa hiyo ishone kwa namna inayoweza kufumuliwa na kubadilishwa.

Kuhusu madini: maji ya visima vingi huku kwetu yana chumvi, na nguo ya kazi inafuliwa mara kwa mara. Chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu kitaanza kutoa kutu na kuacha doa la kahawia kifuani. Nenda dukani na sumaku ndogo. Shaba nyeupe haivutwi na sumaku. Kikivutwa, ujue ni chuma kilichopakwa tu. Kwa aproni za zabibu, ambako kuna asidi ya tunda juu ya chumvi ya maji, usikubali chuma cha kupakwa.

Karibu na mashine inayozunguka

Hili linataka nafasi yake. Kwenye mashine ya kusaga au ya kukamua alizeti kuna mikanda ya kuendeshea na mihimili inayozunguka. Mkanda wa nguo ukikamatwa, mashine haitasimama, na mtu ndiye atakayefuata. Kinga ya kwanza ni kifuniko juu ya mashine, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Fundi cherehani hawezi kushona mbadala wa kifuniko. Mteja akikwambia "we shona tu mikanda ikaze," mwambie ukweli huo.

Kwa watu hawa ushauri wangu ni kuacha mikanda kabisa: shona ovaroli nzima yenye mikono, zipu iliyofunikwa, na kiuno cha lastiki ya ndani. Ikibidi aproni, basi kila mkanda, wa shingoni na wa kiunoni, uwe na sehemu ya kuachia. Hapo ndipo velkro inapopata kazi. Shona kipande cha sentimita 4 na uache ncha ya sentimita 1 isiyoshikana, ili mvuto wa ghafla uanze kubandua kutoka ukingoni. Shingoni ni muhimu kuliko popote. Kitanzi cha shingo kisichofunguka usimshonee mtu yeyote anayesimama karibu na kitu kinachozunguka.

Hatua ya tano: kuunganisha mkanda na nguo

Nguo zinazorudi kwangu kwa matengenezo, mara nyingi bizimu ni zima na mkanda ni mzima. Kilichochanika ni kitambaa pale mkanda ulipoingia. Nguvu yote inapita kwenye mraba mdogo, na mraba huo tunaushona kwa haraka.

Kwanza, weka kipande cha ziada cha kitambaa ndani, nyuma ya mahali pa kushonea, kikubwa kuliko mraba wa mshono kwa sentimita 2 kila upande. Pembe zake zikate ziwe za mviringo. Pembe kali zinakuwa mwanzo wa mchaniko.

Pili, tazama mvuto unakwenda wapi. Mkanda ulale juu ya kitambaa sambamba na mvuto, ili mishono yote ivutwe kwa pamoja. Ukiusimamisha mkanda ukachomoza kama sikio, mvuto utaanza na mshono wa kwanza peke yake, ukikatika utahamia wa pili, kama mtu anayebandua karatasi ukutani. Mishono ni ileile na uzi ni uleule, ila umeipanga ife mmoja mmoja.

Tatu, shona mraba wa sentimita 4 kwa 4 na alama ya X ndani yake. Mimi natumia uzi wa poliesta mnene, sindano namba 16 au 18, urefu wa mshono milimita 3 hadi 3.5. Usiifupishe mishono ukidhani unaongeza nguvu. Mishono iliyobanana inatoboa mkanda mstari mmoja wa matundu, na mkanda utakatika hapo kama stempu. Shuka kwa mkono kwenye pembe: simamisha sindano ikiwa chini, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, endelea. Ukianzia pembe ya chini kushoto, zunguka mraba mzima, panda mshazari, pita juu, shuka mshazari wa pili, utamaliza bila kukata uzi hata mara moja. Kipande cha juu kitapata mistari miwili na hiyo ni faida. Malizia kwa zigizaga fupi kwenye ukingo mkanda unakoingilia.

Ribiti, ile pini fupi ya madini inayopigwa ikabana kitambaa pande zote mbili, ni msaada mwingine. Fundi cherehani Jacob Davis wa Reno, Marekani, alikuwa akipiga ribiti za shaba kwenye matandiko ya farasi, ndipo akajaribu kuzipiga kwenye pembe za mifuko ya suruali ya kibarua aliyekuwa akichana nguo kila mara. Mwaka 1873 yeye na Levi Strauss wakapata hataza ya wazo hilo. Kinachonigusa ni kwamba aliweka ribiti mwanzoni mwa mchaniko, pale hasa unapoanzia, si kila mahali. Nawe fanya hivyo: ribiti moja kila pembe ya juu ya mraba. Tundu lake lifungue kwa msharasi kwa kusukuma nyuzi pembeni, usilikate kwa mkasi. Nyuzi zilizosukumwa zinarudi kuibana ribiti. Zilizokatwa zinaendelea kufumuka. Vivyo hivyo kwa kifungo cha chuma cha bizimu la namba nane, ambacho kitambaa chake kiwe na tabaka nne chini.

Hatua ya sita: mwisho wa mkanda

Mkanda wa kiwandani uunguze ncha kwa kisu kilichopashwa moto, kisha sugua kwa msasa ile shanga ngumu inayobaki, maana inakwaruza ngozi. Wa pamba ukunje mara mbili na kuushona. Ncha iliyokunjwa nene ina faida: haipiti kwenye kirekebishi kwa bahati mbaya. Mkia wowote unaozidi sentimita 8 ushonee kitanzi cha kuufichia.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kukabidhi

Shona mkanda mmoja wa mfano na uharibu. Usione hasara.

Ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Hizo ni kilo 20 za maji, na ndoo yenyewe juu yake. Ifunge kwenye mkanda uliokwisha kushonwa kwenye kipande cha kitambaa na bizimu lake, uning'inize kwenye boriti. Weka alama ya chaki pande zote mbili za kirekebishi. Uache usiku kucha. Asubuhi pima chaki imesogea kiasi gani. Ikizidi milimita 5, sikubali. Nabadilisha mkanda au kirekebishi.

Kisha punguza maji yabaki nusu, uinue ndoo shubiri moja na uiachie ghafla, mara mia moja. Mzigo wa ghafla unafichua yale ambayo mzigo uliotulia hauyaonyeshi. Tazama mraba wa mshono kwa karibu: matundu ya sindano yakianza kurefuka kama macho, kipande chako cha ndani ni kidogo.

Baada ya hapo kitie kishikizo kwenye kopo lenye vumbi na mchanga, ulitikise vizuri. Paka mikono sabuni, vaa glavu, fumba macho, ufungue. Ukishindwa wewe uliyekishona, aliyechoka jioni atashindwa zaidi. Kwa velkro ya kuachia, mvalishe mtu, mshike mkanda kwa mkono mmoja, mnyakue kwa ghafla kutoka mbele, pembeni na chini. Iachie mara zote, kila upande.

Mwisho wa majaribio, fua mara tano kwa maji yenu ya kawaida, anika juani, rudia ya ndoo.

Mahali pa kukataa

Atakuja mteja na kukuomba umshonee mkanda wa kumshika fundi asianguke kutoka juu ya jengo. Kataa, hata akiongeza bei. Mtu anayeanguka, hata mita moja na nusu tu, anaposimamishwa ghafla huvuta mkanda kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na ndoo yako ya lita 20 haiwezi kukuonyesha lolote kuhusu hilo. Mikanda hiyo hupimwa kwa mitambo na kupewa cheti. Mweleze hivyo kwa heshima, na ovaroli mshonee.

Baada ya mwezi

Mwombe mteja akuletee nguo moja iliyovaliwa sana, bila kufuliwa. Sehemu ya mkanda iliyong'aa inakuonyesha kirekebishi kinapokaa kweli, na oda ijayo unaweza kufupisha mkanda kwa kuifuata. Kutu kwenye shingo ya kifungo inamaanisha rangi imekwanguka, tafuta madini mengine. Ukikuta fundo mahali popote, hata dogo, ujue kuna kishikizo ambacho mvaaji amekata tamaa nacho. Muulize lilianza lini. Na ukiona nyuzi za X zimekatika begani upande mmoja tu, mwambie asimame wima umpime upya mabega yote mawili. Wabeba zege wengi bega moja limeshuka kuliko jingine, na mikanda yao haipaswi kulingana.